Grupu la WhatsApp Halikimbii kwa Niaba Yako

Msomaji, ukifuatilia miradi ya afya ya vijana utakutana na sentensi hii mara nyingi, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: tutumie mitandao ya kijamii kupunguza wasiwasi kwa wanafunzi na kuwahamasisha wafanye mazoezi. Ni sentensi isiyo na adui. Mkuu wa shule ataikubali, mfadhili ataikubali, na mama anayemkuta mwanae amelala na simu kifuani ataona afadhali hiyo simu ipate kazi ya maana. Mimi pia niliposoma tafiti zake kwa mara ya kwanza nilitaka kuikubali. Lakini sentensi ile imefunga mambo mawili kwenye gunia moja, wasiwasi na mazoezi, kana kwamba yanapikika kwa moto mmoja. Ukizisoma tafiti zenyewe, siyo vichwa vya habari vyake, unaona kwamba kinachosukuma mazoezi kinaweza kabisa kuwa ndicho kinachoongeza wasiwasi.

Naomba tuisome sentensi hii tukiwa tumekaa Nanyala. Kwa asiyepajua: Nanyala ni kata ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Imekaa kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma, na malori ya Zambia na Kongo yanapita mchana na usiku. Ukimaliza kidato cha nne au cha sita na mambo yakakaa sawa, unapanda gari kwenda Mbeya kusoma MUST, Mzumbe au kwingineko. Usipobahatika unabaki na shamba, bodaboda au biashara ya mpakani. Kwa hiyo tunaposema "mwanafunzi" hapa tunasema watu wawili: yule wa sekondari anayetembea kwenda shule, na yule wa chuo anayelala geto na kurudi nyumbani likizo. Hilo litatusaidia mbele.

Tuanze na upande wa mazoezi, kwa sababu huko ushahidi una nguvu zaidi.

Kazi inayotajwa sana ilifanyika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, jijini Philadelphia, na kundi la watafiti akiwemo Damon Centola. Ya kwanza, iliyochapishwa 2015, ilikuwa na wanafunzi 217 wa shahada za juu kwa wiki 13. Baadhi yao walitumiwa video na picha za kuhamasisha, zimetengenezwa kitaalamu, zinapendeza. Wengine hawakutumiwa video. Waliwekwa kwenye mtandao mdogo wa wanafunzi wenzao wasiowafahamu kwa majina, na mmoja akijiandikisha kwenye darasa la mazoezi wengine wanapata taarifa. Basi. Hakuna kuchati, hakuna "hongera sana". Matokeo? Video zilipandisha mahudhurio mwanzoni kisha zikaisha nguvu. Wale waliokuwa wanapata taarifa tu za wenzao waliendelea kujiandikisha zaidi kadiri wiki zilivyokwenda. Yaani ile hamasa ya picha na video, ambayo ndiyo kwa kawaida inakula bajeti ya mradi, ilikuwa nguvu ya soda.

Ya pili, ya 2016, ndiyo inayotuhusu hasa. Safari hii walikuwa wanafunzi 790 kwa wiki 11. Waligawanywa bila upendeleo kwenye hali nne. Wa kwanza walikuwa peke yao tu, na hao ndio kipimo cha kulinganishia. Wa pili waliwekwa kwenye timu za kusaidiana: wanachati, wanatiana moyo, na zawadi inategemea timu nzima imehudhuria kiasi gani. Wa tatu walishindanishwa mmoja mmoja, kila mtu anaona msimamo, kama msimamo wa Ligi Kuu, yeye ni wa ngapi kati ya wenzake asiowajua. Wa nne, timu dhidi ya timu.

Kabla sijakuambia kilichotokea, jiulize wewe ungeweka hela yako wapi. Nimewauliza wenzangu wachache na karibu wote walisema timu za kusaidiana, maana ndivyo tulivyolelewa: umoja ni nguvu, kidole kimoja hakivunji chawa.

Mashindano ndiyo yaliyoshinda. Waliokuwa wanaona msimamo, mmoja mmoja au kwa timu, walihudhuria kwa kiwango cha asilimia 90 juu ya wale waliokuwa peke yao. Timu za kusaidiana? Hazikuwazidi waliokuwa peke yao. Mahudhurio yao yalikuwa chini zaidi.

Soma tena hapo. Grupu la kutiana moyo, lile ambalo kila mradi unaanza nalo kwa sababu ni rahisi na halina gharama, halikuwa na faida kuliko kuwaacha watu bila grupu kabisa. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini kwa yeyote aliyewahi kuwa kwenye grupu la kamati ya harusi. Kwenye grupu la kusaidiana macho yanaenda kwa wanaozembea. Ukiona wanne kati ya sita hawajaja, kutokuja kunakuwa kawaida, na wewe unashuka kufuata waliolala. Kwenye msimamo macho yanaenda juu, kwa anayeongoza, na kila mtu anajivuta kumfuata. Chombo ni kilekile cha intaneti. Kinachotofautiana ni nani unamwona.

Na hapa kwetu grupu lina ugonjwa wake wa ziada. Siku ya kwanza kila mtu ana moto: "Asante kwa kuniongeza." Wiki ya pili zinaanza picha za maua na "mbarikiwe na siku njema". Wiki ya tatu kuna msiba, michango inapitishwa humohumo, na huwezi kurudi kusema "jamani kesho tunakimbia saa kumi na mbili asubuhi" bila kuonekana huna utu. Silicheki hilo. Grupu linafanya kazi linayoijua vizuri, ambayo ni kubeba shida za watu. Ila halikuwa limeundwa kwa ajili hiyo, na mazoezi yamekufa.

Kuna utafiti mwingine mkubwa, wa Sinan Aral na Christos Nicolaides, uliochapishwa 2017 kwenye jarida la Nature Communications. Hawa walichukua kumbukumbu za wakimbiaji milioni 1.1 waliounganishwa mtandaoni, waliokimbia zaidi ya kilomita milioni 350 kwa miaka mitano. Swali lao lilikuwa gumu: je, marafiki wanakimbia pamoja kwa sababu wanaambukizana, au ni kwa sababu watu wanaopenda kukimbia wanafanya urafiki na wanaopenda kukimbia? Ujanja wao ulikuwa hali ya hewa. Mvua ikimzuia rafiki yako aliye mji mwingine, wakati kwako kumekauka, na wewe ukapunguza mbio siku hiyo, basi si mvua iliyokuzuia. Ni yeye. Walikuta kwamba rafiki akiongeza kilomita moja, wewe unaongeza kama mita 300 siku hiyohiyo. Kwa hiyo maambukizi yapo kweli.

Lakini yanaenda upande usioutegemea. Anayekimbia kidogo anamsukuma anayekimbia sana kuliko anayekimbia sana anavyomsukuma wa chini. Anayekuja nyuma ndiye anayemkimbiza wa mbele. Sasa fikiria mradi unaochukua mwanariadha mwenye misuli, anapiga picha akiwa na medali, anawekwa kwenye ukurasa ili "kuwahamasisha vijana". Kwa takwimu hizi, kijana ambaye hajawahi kukimbia anaangalia, anabonyeza moyo mwekundu, anapita. Jambo lingine walilolikuta: wanaume walisukumwa na wanaume na wanawake, lakini wanawake walisukumwa na wanawake wenzao tu. Tulishike hilo pia.

Hadi hapa unaweza kusema: sawa, basi tuweke mashindano, tuweke msimamo, kazi iishe. Ndipo tunafika kwenye nusu ya pili ya ile sentensi, kupunguza wasiwasi.

Msimamo ni nini kwa mwanafunzi wa Tanzania? Wewe uliyesoma hapa unajua. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani, jina lako na nafasi yako, 87 kati ya 94, na wazazi wanasoma. Tumekua kwenye misimamo. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Taifa, NECTA, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wake wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Watu walibishana sana wakati ule, wengine wakiona ushindani umeuawa. Sitaki kuurudia ubishi huo wote. Nauliza tu: nchi ambayo imeona kwamba kupanga watoto kwa namba kuna tatizo, inaweza kuchukua upangaji uleule, ikauweka kwenye simu, na kuuita tiba ya wasiwasi?

Ule utafiti wa Pennsylvania haujibu swali hili. Kipimo chake kikuu kilikuwa mahudhurio ya madarasa ya mazoezi, na huwezi kuchukua daftari la mahudhurio ukalisoma kama kipimo cha utulivu wa moyo. Inawezekana aliyekuwa wa mwisho kwenye msimamo alihudhuria zaidi huku usingizi umempotea. Inawezekana pia hakujali hata kidogo, kwa sababu wenzake hakuwafahamu na wao hawakumfahamu.

Kwa upande wa wasiwasi wenyewe, utafiti unaopendwa kutajwa ni wa Melissa Hunt na wenzake, wa 2018. Cha kuchekesha ni kwamba nao ulifanyika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachoambiwa kuhusu "wanafunzi" kimetoka kwenye eneo moja la Philadelphia ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Walikuwa wanafunzi 143. Nusu waliambiwa wapunguze Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika kumi kwa siku kwa kila mmoja, kwa wiki tatu. Nusu waliendelea kama kawaida. Waliopunguza walipungukiwa na upweke na dalili za sonona. Hicho ndicho kilichoandikwa magazetini.

Ambacho hakikuandikwa sana ni kuhusu wasiwasi. Wasiwasi ulipungua kwenye makundi yote mawili, waliopunguza na wasiopunguza. Watafiti wenyewe wanadhani ni kwa sababu wote walikuwa wanajifuatilia: kila mmoja alitakiwa kutuma picha ya skrini ya iPhone inayoonyesha betri imeliwa na programu gani. Kule kujiona tu, kwamba ala, kumbe nakaa humu muda wote huu, kulitosha kubadilisha kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia sayansi imethibitisha kwamba kupunguza mitandao kunapunguza wasiwasi, mwambie kwa ushahidi huu haiwezi kusema hivyo, maana ambao hawakupunguza nao walipata nafuu. Na mtu akikuambia mitandao yenyewe inapunguza wasiwasi, hapa hakuna ushahidi wake hata kidogo.

(Na ndiyo, ilibidi uwe na iPhone. Hesabu iPhone za wanafunzi kati ya Senjele na Mlowo, kisha urudi tuongee.)

Nisije nikaonekana nasema mitandao ni sumu. Amy Orben na Andrew Przybylski walichapisha 2019 uchambuzi wa takwimu za vijana zaidi ya 355,000 kutoka Marekani na Uingereza, wakakuta matumizi ya teknolojia za kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu ya tofauti za ustawi wa kisaikolojia kati ya kijana mmoja na mwingine. Ili watu waelewe udogo wake, walilinganisha na kula viazi, na kula viazi mara kwa mara kulihusiana na ustawi kwa ubaya unaokaribia huo. Wenzetu wa Uporoto msikasirike, viazi vyenu havina kosa. Hoja yao ni kwamba kwenye takwimu kubwa namna ile uhusiano mdogo hujitokeza kila mahali, na hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kwa hiyo simu si mchawi, na kwa mantiki hiyohiyo simu si mganga.

Mazoezi, kwa upande wake, yana kesi nzuri. Mwaka 2023 Ben Singh na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Australia walikusanya mapitio 97, yenye majaribio zaidi ya 1,000 na washiriki zaidi ya 128,000, na mazoezi yalionekana kupunguza sonona, wasiwasi na msongo kwa kiwango cha wastani. Hiyo ni habari njema na ninaiamini. Lakini angalia njia: mazoezi kwenda kwenye nafuu. Mtandao haumo kwenye sehemu hiyo ya njia. Kazi ya mtandao ni kukufikisha mlangoni tu, na kama unakufikisha mlangoni ukiwa umejaa hofu ya kuwa wa mwisho, hatujui nini kinabaki.

Sasa twende Nanyala kweli.

Mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Hilo peke yake linaondoa nusu ya "wanafunzi" kwenye mradi. Anayebaki na simu jioni mara nyingi ameazima ya mama au ya kaka, na bando ni la kugawana. Mradi unaosema "tutawafikia wanafunzi kupitia mitandao" unawafikia wa chuo, na kwa sekondari unawafikia wale ambao tayari wana nafuu nyumbani.

Halafu huyo wa sekondari, anakosa mazoezi kweli? Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Utafiti wa dunia nzima uliotoka mwishoni mwa 2019, wa nchi 146, ulisema asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii, wasichana asilimia 85 na wavulana 78. Namba kubwa. Lakini msichana wa Mbozi anayetembea kwenda shule ya kata na kurudi, akifika anachota maji, na Jumamosi yuko kwenye mahindi au kahawa, ukimwuliza kama anafanya mazoezi atakujibu hapana. Mazoezi kwake ni kitu cha watu wenye raba. Yeye hajakosa kutoka jasho. Amekosa mchezo: muda wa kukimbia bila ndoo kichwani, na wenzake, kwa sababu anapenda. Anayekosa dakika zenyewe hasa ni kaka yake aliyeko chuo Mbeya, anayepanda bajaji kutoka geto hadi darasani na usiku mzima yuko kwenye simu. Tangazo moja haliwezi kuwafaa wote wawili.

Barabara. Programu za kukimbia zimetengenezwa na watu wenye njia za waenda kwa miguu. Kwetu njia iliyonyooka na ngumu ni lami ya Mbeya–Tunduma, na anayesikiliza taarifa za ajali redioni amelisikia jina la Senjele, lililo humuhumu kata ya Nanyala. Ukimpa kijana simu inayompongeza kwa kuongeza kasi, akakimbia alfajiri ukingoni mwa lami hiyo na malori yanapishana, umepunguza wasiwasi wa nani? Kiwanja cha shule kipo, njia za mashambani zipo, ila vinahitaji mtu wa kusema "tukutane pale", na mtu huyo si programu.

Wasichana. Kumbuka matokeo ya Aral: mwanamke alisukumwa na mwanamke mwenzake. Kumbuka pia Pennsylvania, walikuwa hawajuani kwa majina. Sasa weka grupu la WhatsApp: namba yako inaonekana kwa kila mtu, picha yako inaonekana, na jioni hiyohiyo kuna mtu usiyemjua yuko inboksi, "mambo dada, nimekuona kwenye grupu la mazoezi". Dada zetu wengi wamezima simu kwa mambo madogo kuliko haya. Kwenye mji mdogo picha yako umevaa nguo za mazoezi haikai kwenye grupu. Inatembea, inafika kwa shangazi. Sehemu ya utafiti iliyofanya mashindano yasiume, kutokujulikana, ndiyo hiyo tunayoipoteza tukibadilisha jukwaa lao kwa WhatsApp yetu, na sijaona mradi unaolizungumza.

Na neno lenyewe, wasiwasi. Kipimo kinachotumika sana duniani, GAD-7, kina maswali saba na alama kuanzia 0 hadi 21. Kwa Kiswahili ukimwuliza mtu "je, umekuwa na wasiwasi?" anaweza kuelewa hofu, anaweza kuelewa kumshuku mtu, anaweza kuelewa mashaka ya imani. Vijana hawasemi hivyo. Watasema nina mawazo, nina presha, nina stresi, kichwa kimejaa. Wazimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na waliojenga huduma ya Benchi la Urafiki kule Harare walianzia kwenye neno hilo la watu. Kwetu "mawazo" ndiyo lango. Na ukiingia kwa lango hilo unakuta mawazo yana anwani: ada, boom halijaingia, kodi ya geto, mama anaumwa, matokeo yanatoka wiki ijayo. Jogi ya asubuhi inaweza kukupa usingizi mzuri usiku wa leo, na hilo si dogo. Deni halijui kwamba umekimbia.

Jambo moja zaidi, nalitaja kwa haraka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Bila kuingia kwenye siasa zake: zile zilikuwa siku ambazo wanafunzi wengi walikuwa na hofu ya kweli, wako mbali na nyumbani, hawajui cha kuamini. Huduma yoyote ya wasiwasi iliyokuwa imejengwa juu ya mtandao peke yake haikuwepo siku ilipohitajika.

Kuna mfano wa karibu na sisi ambao nauona bora, na inaniudhi kidogo kwamba hautajwi pale ile sentensi ya mwanzo inapotajwa. Ni Shamiri, ya Kenya, ya Tom Osborn na wenzake. Walichukua vijana waliomaliza shule si muda mrefu, wa umri wa kuanzia miaka 18, wasio wataalamu wa saikolojia, wakawafundisha kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari. Vikao vinne, kimoja kwa wiki, kuhusu kukua, kushukuru na mambo unayoyathamini maishani. Hakuna lugha ya ugonjwa. Jaribio lao lililochapishwa 2021 kwenye JAMA Psychiatry lilikuwa na wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, na nusu nyingine haikuachwa hivihivi, ilifundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri, na tofauti ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye. Hakukuwa na bando. Kulikuwa na chumba, viti, na kaka au dada aliyepita njia hiyohiyo juzi.

Shamiri si mazoezi, najua, na Nairobi si Mbozi. Ila ukiiweka kando ya Pennsylvania unaona kitu: kutiana moyo kulikoshindwa kwenye skrini kulifanya kazi ana kwa ana, na ushindani uliofaulu kwenye skrini ulikuwa kati ya watu wasiojuana. Sisi tunachukua kutiana moyo tunakuweka kwenye skrini, kati ya watu wanaojuana sana. Tumechagua kipande kibaya cha kila utafiti.

Serikali nayo ilijaribu njia yake. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawekwa kuwa siku ya mazoezi. Wazo si baya, na klabu za jogi zimestawi mijini tangu miaka hiyo. Lakini mara moja kwa mwezi ni sherehe. Mwili hauweki akiba ya wiki nne.

Kama wewe unayesoma uko Nanyala, au Mlowo, au uko chuo Mbeya na unarudi likizo, na unataka kuanzisha kitu, mimi ningefanya hivi. Simu ningeitumia kwa ujumbe mmoja tu, meseji ya kawaida isiyohitaji bando: siku, saa, kiwanja. Vikundi vidogo vya watu watano sita wa kiwango kinachokaribiana, wasichana wana chao na anayekiongoza ni msichana, namba zao anazo yeye tu. Kama ni lazima kuwe na ushindani, uwe wa kikundi kwa kikundi, na uhesabu nani amefika, siyo nani amekimbia kasi. Kufika kila mtu anaweza. Bingwa wa wilaya asipewe kipaza sauti. Na kabla ya yote ningeuliza maswali mawili ya mawazo na usingizi, kwa Kiswahili cha mtaani, nikayauliza tena mwishoni, kwa waliojiunga na kwa wachache ambao hawakujiunga, maana Hunt ametuonyesha kwamba hata wasiofanya chochote wanaweza kupata nafuu kwa kuulizwa tu.

Ningeanza Juni, baridi ikiwa kali lakini ardhi imekauka, na ningehesabu hadi Oktoba. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani na mvua zimeanza. Wale wa mchezo wa Pokémon Go, kwenye utafiti uliochapishwa na BMJ mwaka 2016, waliongeza hatua 955 kwa siku wiki ya kwanza, na kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi walikotoka. Kwa hiyo daftari la kutazama ni la wiki ya saba.